Walivuka Alps Wasijue

Agosti 1803, washairi wawili na dada wa mmoja wao walikuwa Uskoti wakitazama maporomoko ya mto Clyde. Dada huyo, Dorothy Wordsworth, aliweka daftari la safari lenye jicho kali kuliko mashairi mengi ya zama zake, na humo anasimulia kisa kimoja. Samuel Taylor Coleridge, mtu asiyechoka kuongea, alikuwa siku moja kabla amejadiliana kirefu na William Wordsworth juu ya maneno ya Kiingereza yanayokaribiana maana: lipi ni la ukubwa mtupu, lipi ni la enzi, lipi ni la ile hali ya juu kabisa inayomtikisa mtu hadi ndani. Pale kwenye maporomoko wakakuta bwana mmoja na bibi, watalii kama wao. Yule bwana akasema maporomoko haya yana enzi. Coleridge akafurahi sana kukutana na mtu anayejua kuchagua neno. "Naam, bwana," akasema, "ni maporomoko yenye enzi." Rafiki yake mpya akaitikia: "Ya adhama, tena mazuri." Coleridge akakosa la kujibu. Akarudi kwa wenzake akicheka mpaka basi.

Ili kucheka naye inabidi ujue kwamba mwaka 1757 kijana wa Dublin aitwaye Edmund Burke alikuwa ameandika kitabu kizima kuonyesha kwamba vitu hivyo viwili havikai pamoja. Uzuri ni mdogo, laini, wa kupendeka. Adhama ni kubwa, ya giza, ya kutisha. Mtalii yule aliyachukua maneno mawili ambayo Burke alitumia miaka kuyatenganisha, akayafunga pamoja kama mboga sokoni.

Nimeandika "adhama" na ni haki nieleze kwa nini. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa dhana hii, ambayo Waingereza huiita "sublime". "Utukufu" limekwenda msikitini na kanisani, na halirudi upesi. "Ukuu" linanusa ofisi ya serikali. Adhama walau inabeba uzito na heshima pamoja. Lakini lipo neno jingine ambalo washairi wetu wa zamani walilijua vizuri, nalo ni kicho: hofu yenye unyenyekevu, ile ya mcha Mungu. Ukiyaweka mawili haya ubavu kwa ubavu unapata karibu ugomvi wote wa karne ya kumi na nane. Adhama ni ya mlima. Kicho ni cha anayeutazama. Swali la Waingereza na Wajerumani lilikuwa hili: jambo lenyewe liko wapi, kule mlimani au huku moyoni?

Burke alijibu kwa mwili. Kwake adhama hutoka katika chochote kinachoweza kuamsha hofu ya maumivu au ya kifo, mradi hofu hiyo isitufikie karibu mno. Mishipa hukazwa, roho husimama kwa mshangao, kisha hofu ikilegea kidogo hugeuka ladha ya ajabu. Giza husaidia, kwa sababu kisichoonekana vizuri hutisha kuliko kinachoonekana. Mfano alioupenda ni wa shairi, hakuutafuta mlimani: Kifo katika utenzi wa John Milton wa mwaka 1667, umbo lisilo na umbo, lenye kitu kama taji juu ya kitu kama kichwa. Mchoraji angelazimika kumpa Kifo pua na vidole. Mshairi hana deni hilo.

Kitabu hicho kilisafiri. Christian Garve alikitafsiri kwa Kijerumani mwaka 1773, na nakala ikamfikia Immanuel Kant, profesa wa Königsberg, mji wa bandari ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Kant hakuwa msafiri. Maisha yake yote hakutoka Prussia Mashariki. Milima ya Alps aliijua kwa vitabu vya Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva aliyefika kilele cha Mont Blanc mwaka 1787, na piramidi za Misri alizijua kwa maelezo ya msafiri Mfaransa. Mtu huyo, ambaye hakuwahi kukanyaga barafu ya mlimani, ndiye aliyeandika kurasa zilizotawala mjadala mpaka leo, katika uhakiki wake wa tatu, kitabu juu ya uwezo wa kuhukumu, uliotoka mwaka 1790.

Kant alimtaja Burke kwa heshima, kisha akamweka pembeni: ameeleza mwili unavyohisi, hajaeleza kwa nini hisia hiyo ina thamani. Maelezo yake mwenyewe, kwa ufupi, ni haya. Unasimama mbele ya kitu kikubwa kupita kiasi. Ubunifu, yaani ile nguvu ya kuumba picha akilini, unajaribu kukikusanya chote katika picha moja na unashindwa. Kushindwa huko kunauma. Lakini ndani ya maumivu hayo unagundua kwamba kuna kitu ndani yako kilichodai picha kamili tangu mwanzo, na kitu hicho, akili, kinaweza kukiwaza kisicho na mwisho ambacho jicho halikiwezi. Bahari iliyochafuka nayo ni hivyo hivyo: inaweza kuuzamisha mwili wako, ila haina mamlaka juu ya utu wako. Kwa hiyo adhama haiko baharini. Bahari ni kioo tu.

Kuna sharti dogo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Kant anasema radi, volkeno na tufani huvutia kadiri zinavyotisha, ilimradi tuwe mahali salama. Neno "salama" hapo linafanya kazi ya punda.

Maana palepale Kant anamleta mkulima wa Savoie, eneo la milima ya Alps, aliyemsoma kwa Saussure: mtu mwema, mwenye akili zake timamu, ambaye bila kusita aliwaita wapenzi wote wa milima ya barafu wapumbavu. Kant hamdhihaki moja kwa moja. Anakiri hata kwamba mkulima huenda angekuwa na haki kama Saussure angepanda kwa kujifurahisha tu, au ili apate cha kusimulia. Lakini anamtumia kama ushahidi kwamba bila malezi ya kimaadili, kile ambacho sisi tulioelimika tunakiita adhama humwonekea mtu asiyefundwa kuwa kitisho kitupu. Mimi namsikia mkulima yule kwa namna nyingine. Watu wake walizikwa na maporomoko ya theluji, au aliogopa watazikwa. Hakuwa mahali salama. Kwa masharti ya Kant mwenyewe, mtu huyo hakupewa hata nafasi ya kuujaribu mtihani aliohesabiwa kuufeli.

Na yeye si wa kwanza kufungiwa mlango. Mwaka 1764, katika kijitabu cha awali juu ya uzuri na adhama, Kant aliandika kwamba watu weusi wa Afrika kwa maumbile yao hawana hisia inayopanda juu ya upuuzi. Burke naye, akitaka kuthibitisha kwamba giza hutisha lenyewe, alisimulia habari ya mvulana aliyezaliwa kipofu, akafunguliwa macho na daktari, na miezi michache baadaye akamwona mwanamke mweusi na kushikwa na hofu kuu. Msomaji wa huku akifika hapo hukiweka kitabu chini kidogo. Sisemi nadharia itupwe. Nasema inashangaza kuona fikra iliyodai kuwa adhama imo katika akili ya kila binadamu ikianza mapema namna hii kuandika orodha ya wasioalikwa.

Kuna kisa cha kwetu kinachonijia kila nikimsoma mkulima wa Savoie. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na wamisionari wa Kiingereza, aliuona Kilimanjaro na weupe juu yake. Akamuuliza kiongozi wake ule weupe ni nini. Kiongozi akajibu neno moja: baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji, akasoma Zaburi ya 111. Ni rahisi kudhani kwamba mmoja aliona adhama na mwingine aliona hali ya hewa. Sina hakika. Baridi ni neno la mtu anayeujua mlima kwa ngozi, na ngozi nayo ina kicho chake.

Sasa turudi mwaka 1790. Mwaka uleule kitabu cha Kant kilipotoka, William Wordsworth, mwanafunzi wa Cambridge mwenye miaka 20 aliyepaswa kuwa anajiandaa na mitihani, alivuka kwenda Ufaransa na rafiki yake Robert Jones. Walishuka Calais tarehe 13 Julai, mkesha wa sherehe za mapinduzi, wakatembea kwa miguu kuelekea Uswisi. Wordsworth hakuwa msomaji wa falsafa ya Kijerumani, si wakati ule wala baadaye sana. Alichokuja kukipata alikipata kwa mdomo wa Coleridge.

Tarehe 17 Agosti wakafika kwenye njia ya Simplon, inayovuka Alps, mahali alipopaota kwa miaka. Walikula na kundi la wachunga nyumbu, wachunga nyumbu wakatangulia, vijana wakakawia mezani. Walipoinuka wakafuata njia hadi kijito, ng'ambo wakaona njia inayopanda mlima mrefu, wakaishika. Wakapanda na kupanda. Wenzao hawaonekani. Wakakutana na mkulima, na mkulima akawaambia warudi walikotoka, washike njia ya kijito, na kwamba tangu hapo safari yote ni mteremko. Hawakutaka kuamini. Wakamuuliza tena na tena, na kila jibu likaishia palepale: mmekwisha kuvuka Alps.

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia, lakini vijana hawa walipotea na kujua kwamba kile walichokuja kukiona kimewapita wakiwa wanatafuna mkate. Kilele hakikuwapo. Mawingu waliyotamani kuyafikia yalibaki juu ya mlima usiokuwa wao.

Wordsworth alikaa na aibu hiyo miaka kumi na minne. Alipoiandika, mwaka 1804, katika kitabu cha sita cha utenzi wa maisha yake ambao haukuchapishwa hadi alipofariki mwaka 1850, kuna jambo linatokea ambalo sijaona mfano wake katika ushairi wa Kiingereza. Simulizi inafika kwenye maneno ya mkulima na kukatika. Bila onyo, mshairi anageuka na kuusemesha Ubunifu wenyewe, ulioinuka mbele ya wimbo wake kama mvuke usio na baba. Anasema alipotea ndani yake kama mtu winguni, akasimama bila kupambana. Kisha anaiambia roho yake kwamba sasa anautambua utukufu wake. Taa ya hisia huzimika, anasema, na katika kuzimika kwake hutupa mwanga unaoonyesha ulimwengu usioonekana. Maskani yetu iko kwenye kisicho na mwisho.

Tazama hatua zilivyopangwa. Macho yanadai kitu kikubwa, yanakikosa, maumivu yanafuata, na katikati ya maumivu kinachogunduliwa ni ukubwa wa aliyekuwa akidai. Ni ngazi ileile ya Kant. Tofauti ni mbili, na zote zina uzito. Kwanza, kwa Kant ubunifu ndio unaoshindwa na akili ndiyo inayoshinda, ilhali Wordsworth anampa mshindi jina la Ubunifu. Mshairi hakuwa tayari kumkabidhi mwanafalsafa chombo chake cha kazi. Pili, mkulima hakufukuzwa. Bila neno lake hakuna ugunduzi wowote. Yeye hapo si mfano wa mtu asiyefundwa, ni mwalimu, na somo lake ni la jiografia: hapa mmepita, kule ni chini.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na mazoea ya kusema Wajerumani waliwaza na Waingereza wakaimba. Dhana ilitoka London, ikaenda Königsberg, ikapata mifupa, na iliporudi ilimkuta mtu asiyesoma lugha yake ya falsafa ameshaipitia kwa miguu yake. Aliyeisoma kweli ni Coleridge, na kwake mambo yakawa na vurugu zaidi.

Septemba 1798 Coleridge na ndugu wawili Wordsworth walipanda meli kwenda Hamburg. Wordsworth na Dorothy walijifungia katika mji wa Goslar wakati wa majira ya baridi makali, huko William akaanza kuandika vipande vya kwanza vya utenzi ule, vikiwamo vya utotoni. Ni kichekesho kwamba kitabu kikuu cha milima ya Kiingereza kilianzia kwenye chumba cha baridi cha Ujerumani. Coleridge, akilipiwa na posho ya pauni 150 kwa mwaka kutoka kwa ndugu Wedgwood, wafinyanzi matajiri, alienda Ratzeburg kisha chuo cha Göttingen. Alirudi na lugha na vitabu. Baadaye aliandika kwamba Kant alimkamata kama kwa mkono wa jitu.

Agosti 1802 alipanda Scafell, mlima wa Uingereza usiofika mita 1,000, akashuka upande ambao mtu mwenye busara hashuki. Aliruka kutoka kingo hadi kingo, kila mruko ukimfungia njia ya kurudi, mpaka viungo vikatetemeka. Akalala chali akijicheka kama kichaa. Juu yake magenge, juu ya magenge mawingu yanakimbia. Na hapo, anaandika katika barua, aliingia katika hali ya furaha karibu ya kinabii, akamshukuru Mungu kwa sauti kwa kumpa nguvu za akili na utashi, ambazo zikiwapo hakuna hatari inayoweza kutushinda. Huyo ni Kant neno kwa neno, na amesemwa na mtu ambaye magoti yake yalikuwa bado yanacheza. Sharti la usalama halikutimizwa hata kidogo.

Ungetegemea shairi kubwa litoke hapo. Lililotoka mwezi uliofuata, katika gazeti la Morning Post la tarehe 11 Septemba, ni utenzi wa kumsifu Mungu kabla ya jua kuchomoza katika bonde la Chamonix, chini ya Mont Blanc. Coleridge hakuwahi kufika Chamonix. Alimwambia rafiki kwamba wimbo ulimtoka akiwa Scafell, kisha akaona vilima vyake ni vidogo mno kwa mawazo yale, akauhamishia Alps. Ambacho hakusema ni kwamba kiini chake kilikuwa shairi la mistari 20 la Friederike Brun, mshairi aliyeandika kwa Kijerumani, nalo likapanuliwa hadi mistari themanini na kitu. Coleridge alifariki Julai 1834, na mwaka haukuisha kabla mwandishi Thomas De Quincey hajaliweka jambo hilo hadharani, pamoja na kurasa ambazo Coleridge alizichukua kwa Schelling, mwanafalsafa wa Kijerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1817.

Wizi ni wizi, ila mimi kinachonisumbua zaidi ni kwamba shairi lenyewe halitetemeki. Barafu inaulizwa nani amekuumba, barafu inajibu Mungu, maporomoko yanajibu Mungu, maua yanajibu Mungu. Hakuna kinachoshindwa ndani yake. Barua ya Scafell, iliyoandikwa haraka, bila vina, ina hatari, aibu na kicheko. Mtu mmoja, majira yaleyale, na kati ya maandiko mawili lililobeba adhama ni lile ambalo hakulihesabu kuwa shairi.

Mshairi mwingine wa Kiingereza, Percy Bysshe Shelley, alifika Chamonix kweli, Julai 1816. Katika kitabu cha wageni alijiandika kwa Kigiriki kuwa hana Mungu, na hilo katika bonde ambalo Coleridge alitangaza kuwa hakuna awezaye kuwa hivyo. Shairi lake juu ya Mont Blanc linasomeka kama jibu. Mlima wake haujibu chochote. Uko juu, kimya, theluji inauangukia pasipo mtu wa kuiona. Kisha linakuja swali la mwisho, na Shelley ameliacha wazi kama mlango: wewe mlima, na dunia, na nyota, na bahari, mngekuwa nini kama kwa ubunifu wa binadamu ukimya na upweke vingekuwa utupu tu? Wengine hulisoma kama ushindi wa akili, kwa mtindo wa Kant. Mimi husikia woga ndani yake, kwamba huenda kioo hakirudishi sura yoyote.

Mshairi mwenzao John Keats aliliona tatizo kutoka upande mwingine. Oktoba 1818, katika barua kwa rafiki yake Richard Woodhouse, alisema yeye si mshairi wa aina ya Wordsworth, wa adhama inayojizungukia nafsi, inayosimama peke yake. Ni pigo kali, na linampata Kant pia: mlima mzima unapandwa, na kule juu anayekutwa ni mpandaji.

Miezi michache nyuma Keats mwenyewe alikuwa amepanda Ben Nevis, tarehe 2 Agosti, mlima mrefu kuliko yote ya Uingereza. Ukungu ulikuwa umefunga kila upande. Aliketi kileleni akaandika soneti, shairi la mistari kumi na minne. Anatazama chini kwenye makorongo, ukungu. Anatazama juu, ukungu, na hivyo ndivyo watu wanavyoijua mbingu. Ukungu umetandazwa mbele ya dunia, na hivyo ndivyo mtu anavyojiona mwenyewe. Anachokijua kwa hakika, anasema, ni mawe haya yenye ncha chini ya miguu yake.